Nywele za Mwanangu Zimo Kwenye Sanduku la Nywele za Ng'ombe

Mpendwa Bi Mwanaisha, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe nikilisoma hapa karatasini naona linachekesha, lakini mimi silali vizuri na chakula hakishuki. Mimi ni karani katika ushirika wa maziwa huku Lushoto, nimesoma hadi stashahada, nimeoa, na nina mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mke wangu nitamwita Zakia.

Mwezi uliopita kliniki walikuwa wakiwapima watoto sikoseli kwa tone la damu la kisiginoni, na kwa kuwa Zakia alikuwa anaumwa jino nilimpeleka mtoto mwenyewe, muuguzi akaniambia mtoto si mgonjwa ila amebeba chembe moja ya ugonjwa huo, aliyoirithi kwa mzazi mmoja, akashauri wazazi nasi tupimwe, nami nikapimwa, nikakutwa sina. Nikarudi nyumbani nikamwambia Zakia kwa upole kwamba sasa ni zamu yake, akakataa. Alisema, "Mimi sina haja ya kupimwa. Damu ya kwetu naijua." Nikamuuliza anaijuaje, akanyanyuka akaenda kukoroga uji. Mama yangu, ambaye tunaishi naye uwanja mmoja, aliposikia alisema, "Sisi watu wa mlimani hatuna kitu hicho. Muulize aliyekuja nacho," halafu akaendelea kuchambua maharage kana kwamba hajasema neno.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza kunizunguka. Zakia amekulia Bulwa kwenye mashamba ya chai, ambako wazazi wake walifika wakitafuta kazi, na yuko kijana wa hukohuko, nimwite Juma, anayeleta iliki na pilipili manga kuuza soko la Lushoto, na kila akija lazima apite kwetu. Zakia humwita kaka, anasema mama zao ni ndugu wa tumbo moja, lakini mimi sikumwona harusini, na kule kwao naona kila mtu ni kaka wa mwenzake. Sasa huyo Juma ni mgonjwa wa sikoseli. Macho yake yana manjano, na mara ya mwisho maumivu ya mifupa yalimshika akiwa kwetu, Zakia akamkanda miguu kwa maji ya moto huku machozi yanamtoka, na mimi nikasimama mlangoni nikasema, "Wewe bwana, hospitali si ipo?" Mpaka leo sijawahi kumwita shemeji. Niambie, mtoto anayo chembe, mimi sina, Juma anayo, mke hataki kupimwa, je, mtu aliyesoma ajumlishe apate nini?

Kilichonimaliza ni jambo la kazini. Watafiti wanachunguza vinasaba vya ng'ombe wa wanachama wetu, wajue yupi ana damu ya kigeni kiasi gani na yupi anahimili magonjwa huku akitoa maziwa mengi, na sisi makarani ndio tunaokusanya nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake, kila ng'ombe na bahasha yake. Mzee Abrahamu wa Kwai alikuwa akitamba kwamba ndama wake ni wa mbegu ya dume bora, iliyopandikizwa na mtaalamu, majibu yakarudi kwamba baba wa ndama ni dume la jirani. Mwenzangu Raheli akamwambia, "Mzee, umemlipa mtaalamu, kumbe jirani amefanya kazi bure." Mzee akasema, "Basi na kinyesi chake akazoe jirani." Ofisi nzima ilicheka isipokuwa mimi.

Jumamosi, Zakia akiwa bombani, nilimng'oa mtoto nywele za kisogoni, akalia mpaka mama yake akarudi mbio. "Umemfanya nini?" Nikasema alikuwa na mdudu. "Mdudu gani kwenye kichwa nilichokiosha sasa hivi?" Nywele za mtoto nikazitia kwenye bahasha nikaandika "ndama", zangu nikaandika "dume", na jina la mfugaji nikaandika langu, mimi ambaye hata kuku sina. Zimo ndani ya sanduku, na gari la watafiti litakuja kulichukua mwisho wa mwezi. Jana Raheli ameniuliza, "Kumbe unafuga? Mbona maziwa hatuyaoni?" na namna alivyonitazama sikuipenda. Nikiziacha naogopa majibu, nikizitoa nitabaki na shaka hii ndani ya nyumba. Nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Lushoto

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa ulipofika kwenye "dume". Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hilo sanduku, na majina yote nimeyabadilisha.

Kwanza, kazitoe bahasha hizo leo. Nimemuuliza daktari, akaniambia kipimo cha ng'ombe kimetengenezwa kisome ng'ombe. Nywele zako hazitatoa jibu lolote ila swali, na swali hilo litarudi ofisini kwenu likiwa na jina lako. Vinasaba vya binadamu vina sheria na utaratibu wake. Mtoto si wa kunyofolewa nywele kwa siri halafu mama yake adanganywe habari za mdudu.

Sasa tuje kwenye kujumlisha kwako. Mtu hawi mgonjwa wa sikoseli mpaka arithi chembe mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Juma ni mgonjwa, kwa hiyo mama yake anayo. Mama yake ni nani? Wewe mwenyewe umeandika: ni ndugu wa tumbo moja na mama wa mke wako. Aliyonayo dada mmoja, mwenzake naye anaweza kuwa nayo, akampa binti yake, naye binti akampa mwanawe. Huyo unayemwona mwizi ndiye aliyekuonyesha njia ambayo huenda chembe hiyo imepita, tena bila kumgusa mke wako. Ulikuwa na hesabu yote mezani, ukaacha kumhesabu mama mkwe wako kwa sababu ulishaamua jibu.

Na Zakia hakukuficha. Alikwambia, "Damu ya kwetu naijua." Huyo ni mwanamke aliyekua akisikia ndugu yake analia kwa maumivu. Anajua kitu gani kinakuja baada ya kipimo: mama yako na maharage yake. Ulipaswa kuketi naye hapo jikoni uulize tena, wewe ukaenda kumuuliza ng'ombe.

Kuhusu mama, mwambie kwa adabu kwamba chembe hii imeenea zaidi mahali penye malaria nyingi, kwa kuwa mtoto mwenye chembe moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Huko juu kwenye baridi mbu ni wachache, ndiyo maana huenda hakuwahi kuisikia. Si aibu ya ukoo wa mtu. Ni alama ya watoto waliopona.

Nisikufiche: mimi simjui mke wako, na akipimwa akakutwa hana, vipimo vyote vitatu virudiwe kwanza, kisha mwende wote wawili kwa afisa ustawi wa jamii mwelekezwe. Lakini hilo ni la mwisho, na wewe umeanza nalo.

Leo jioni mwambie Zakia ukweli wote, pamoja na bahasha, kabla Raheli hajamwambia. Atakasirika, na utakaa hapohapo umsikilize. Kisha mwambie jambo ambalo hakuna aliyemwambia: kwa kuwa wewe huna chembe hiyo, hata kama yeye anayo, hakuna mtoto mtakayemzaa atakayeugua kama Juma. Baada ya hapo mwombe mwende kliniki pamoja, wewe ukiwa umembeba mtoto. Mtoto naye akikua aambiwe, ili siku ya kuoa ajue cha kuuliza.

Nywele zitaota. Juma akija tena na iliki zake, mfungulie mlango wewe mwenyewe, na maumivu yakimshika, maji ya moto uchemshe wewe. Halafu mwite shemeji, Zakia akisikia.