Mama Mkwe Kanifagilia Shamba

Jumanne

Niwie radhi, daftari langu, tangu mtoto azaliwe sijakuandikia. Leo wallahi nina hasira.

Bwana shamba alikuja hapa Mtongwe kupima kama milusina, miti ya kurutubisha udongo niliyopanda kati ya mihindi, imeongeza kaboni udongoni. Mama mkwe aliposikia kuna mgeni, akafagia shamba zima, akayachoma majani yaliyodondoka.

"Mama, majani hayo yakioza ndiyo kaboni yenyewe," bwana shamba akamwambia. Hakupima, maana majivu yangeharibu vipimo.

"Ungenikuta na taka, ungesemaje?" mama mkwe akamjibu.

Miaka mitatu nimeyaacha yaoze. Udongo ulishaanza kuwa mweusi. Nikaingia ndani kunyonyesha.

Kesho nitamwomba wifi wa Kwale aniletee magunia manne ya majani makavu na mbegu za kunde za kuufunika udongo tena, na aje mwenyewe, maana mamake humsikia yeye tu.