Fraze Uliyoiacha Mlango Wazi

Agnesi, mama wa Yoana,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mto mgongoni, ubao wako wa kupigia pasi magotini. Utanisamehe mistari iliyopinda. Kesho padri ataniletea mafuta ya wagonjwa na kusikiliza maungamo yangu. Lakini liko moja ambalo si lake. Ni letu wawili, nami nataka ulisikie kwanza.

Nikupe habari za nyumbani. Nyasi za paa ziliondolewa, sasa tuna mabati, na mvua ikinyesha hatusikizani. Taa inawaka kwa kubonyeza kidole. Mwitu ulikookota uyoga nyuma ya nyumba umekuwa barabara, na watu wanapita na baiskeli wakipiga kengele. Lori la kutoka Kasomeno bado linaleta samaki wakavu, na bado harufu inafika kabla ya lori. Yoana, uliyemwacha hajaachishwa ziwa, amekuja kutoka kwa mume wake kuniuguza. Anatembea kama wewe, kisigino kikigonga sakafu. Siku ya kwanza aliyoingia jikoni sikuthubutu kugeuza kichwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nataka ile kazi ya stesheni, ya kupokea habari za treni kutoka kusini? Kifaransa nilikipata kwa mapadri, lakini watu wa kusini walisema Kiingereza tu. Wewe ulikisoma ng'ambo ya mto Luapula, kwa wamisionari wa huko. Basi jioni ulipiga pasi shati langu, mkaa ukilia ndani ya pasi, nami nikakaa kwenye kibao kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilisema, "I able come." Niliona sawa kabisa: naweza, kuja. Maneno mawili, yanatosha. Ulicheka mpaka ukaweka pasi chini.

"Baba Yoana, umemuangusha muzee!"

"Muzee gani?"

"Able iko muzee. Mbele mutu amushike mukono: am, is, are, be. Nyuma fimbo yake: to. Ukiondosha moja, anaanguka na pua."

Nikajifunza. The train is able to come. Treni yangu ikasimama kwa miguu yake. Nilipokuuliza kwa nini nisitumie can, neno fupi lisilohitaji mkono wala fimbo, ulinijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari za jirani. "Can haina kesho. Iko na leo, iko na jana. Ukitaka kesho, lazima umuamushe muzee: I shall be able to." Kisha ukaninyooshea kidole: "Na ukifika ku to, usisimame. Fraze yenye haiishe iko mulango wazi. Hakuna mutu atasinzia mu nyumba."

Ndiyo sheria tuliyoiweka. Mmoja akiacha fraze, yaani sentensi, hewani, mwenziwe aifunge kabla hatujalala.

Halafu ikaja ile homa. Majirani walisimama mlangoni wakinong'onezana, "Hawezi, mama wa watu, hawezi," kama tunavyosema kwa mgonjwa. Nadhani uliwasikia. Ulifungua macho, ukanitazama mimi peke yangu, ukasema wazi, bila kosa hata moja: "I shall be able to." Ukasimama kwenye to. Nilingoja neno linalofuata. Nilifikiri unanipima. Hata nilitabasamu, Agnesi, nikakuambia, "Madamu, maliza." Mkono wako ulikuwa umeshapoa.

Sasa ungamo langu.

Majira ya kiangazi yaliyofuata, nikiwa peke yangu jioni, nilisikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa. Pasi yenyewe ilikuwa rafuni, baridi, na kutu mdomoni. Kisha nikasikia mkaa ukilia. Kisha kile kituo kifupi, pale unapoinua pasi na kungoja mwanafunzi ajibu. Nilijua unangoja nini. Neno moja tu, na fraze ingefungwa, nawe ungelala. Sikulisema. Niliuma ulimi. Kila jioni, miaka yote hii, nimeketi kwenye kibao changu, umesimama unangoja, nami nimenyamaza. Watu walinisifu kwamba sikuoa tena. Walidhani ni uaminifu kwa marehemu. Mimi nilikuwa na mke nyumbani.

Ningenyamaza hadi kufa. Lakini juzi asubuhi Yoana aliniletea uji, macho mekundu, akakaa chini. Amekonda. Yeye hajui hata neno moja la Kiingereza. Masista walimfundisha Kifaransa na kushona.

"Tata, baba yangu, kuko mama moja mu ndoto yangu. Anapiga pasi. Haniangalie. Anasema tu, 'Tu… tu…'"

"Tu nini?"

"Ndiyo minakuuliza weye! Tu nini? Kila siku anafika pale anasimama. Minamuuliza, 'Tuko bangapi, mama, mu hii nyumba?' Hajibu. Minachoka, Tata. Sisinzie tena."

Kijiko kiliniponyoka. Hiyo "tu" ni ile to yako; kumbe umechoka kunisubiri mimi, umemgeukia mwanafunzi mwingine. Sikulaumu. Mlango niliuacha wazi mwenyewe, na baridi imeingia kwa mtoto. Nikifa nimenyamaza, nani atamfungia? Atabaki na hiyo "tu" mpaka imle.

Basi sikiliza. Jioni hii harufu imekuja mapema, na mkaa unalia hapa karibu na miguu yangu. Umeinua pasi. Nimesema kwa sauti, na ninaandika ili pasiwe na shaka: I shall be able to rest. Nitaweza kupumzika. Ni yako, Agnesi, imekwisha. Chukua.

Mkaa umenyamaza. Kule jikoni Yoana amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma kama msumeno wa fundi mbao. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo.

Usirudi tena huku. Kwaheri, mwalimu wangu. Yangu nitaifunga mwenyewe, asije mtoto akairithi: I shall be able to come. Ni ile ile ya siku ya kwanza, na safari hii ni ahadi: nitakuja. Tazama, sikumwangusha mzee. Nyuma yuko na fimbo. Na mbele, kalamu iko mkono wa kuume, lakini huu wa kushoto, Agnesi, kuna mtu ameushika, na una joto la pasi.

Baba Yoana