Funda la Maji Lisilomo Kitabuni

Dada yangu Mkawasi,

Mjukuu wako Mshai ameanza kusoma. Simaanishi masomo ya shule, hayo aliyamaliza zamani. Ameanza kusoma vile ulivyosoma wewe, vitabu vya nyota na vya falme zisizokuwapo. Alinipigia simu kutoka Voi mpaka huku kwenye baridi, akaniuliza, "Babu, wewe ndiye uliyebaki. Bibi alianza na kipi?"

Sikufikiri mara mbili. Nilimwambia aanze na kile cha ndugu wawili wahunzi.

Ulipewa na yule mama Mgoa, mke wa karani wa stesheni, uliyekuwa ukimshonea magauni. Ulikipandisha mlimani kwetu Mbololo ndani ya kikapu, chini ya sukari na sabuni. Miaka ile ya hamsini Kiingereza changu hakikutosha hata kumsalimia mwalimu, kwa hiyo ulisoma kimya, kisha ukanieleza kwa Kidawida chetu cha nyumbani, ukurasa baada ya ukurasa, tukiwa juu ya dungu tukilinda mahindi. Ngedere walishiba msimu ule. Wahunzi walipofika penye hatari, mimi sikuona tena shamba.

Ndugu wale walijenga chombo cha chuma wakaruka hadi nyota isiyo na mvua. Chombo kikaharibika, kila mmoja akamlaumu mwenzake, mpaka wakaacha kusemezana. Yakabaki maji ya funda moja tu. Mkubwa alipolala, mdogo akaichukua chupa.

"Akayatia kinywani," ulisema, ukafunga kitabu.

Bibi yetu alikuwa chini ya dungu akiambua kunde. Nilidhani hasikilizi.

"Na hasira yao je?" akauliza.

"Kitabu kimeishia hapo, Bibi."

"Kimeishia wapi? Watu wamefika mbinguni na hasira tumboni, halafu mwenye kitabu akaenda zake kulala?"

"Ni hadithi ya Wazungu, Bibi."

"Wazungu ni wao, shamba ni langu. Usiniachie hasira za watu wa nyota kwenye mahindi yangu."

 Ukalamba kidole, ukafunua tena. "Aa! Kumbe kurasa zilishikana."

Ukasoma. Mdogo hakuyameza. Alisimama akamwelekea kaka yake aliyelala, akayapuliza maji yote nje, akaitoa hasira moyoni, akamtamkia maneno ya heri. Alifanya kutasa, kama Bibi alivyofanya mlangoni asubuhi kila watu wa nyumba walipokuwa wamegombana. Bibi alitumia maji badala ya pombe ya miwa ya desturi, maana baba alikuwa mzee wa kanisa na pombe asingeivumilia. Nawe, ili nielewe, ulichukua kibuyu chetu ukapiga funda ukalipuliza kweli, matone yakaniingia machoni. Ukayasema maneno ya yule mdogo, marefu, kwa sauti. Bibi akaitikia kutoka chini.

"Sasa huyo amelelewa," akasema, akarudi kwenye kunde zake.

Nilikiamini kitabu kile, dada, kuliko vingi nilivyosoma baadaye, na nimesoma vingi. Nimehamishwa nchi, nimebadilishiwa lugha, nimesimama mbele ya meza za watu waliolitamka jina langu kama mdudu. Kila mara nilijiambia kwamba hata wao wana kitabu ambamo mtu alitema maji yake ya mwisho.

Mwaka huu muuza vitabu vya zamani alinipatia nakala. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo niliituma Voi kama ilivyokuja. Mshai akapiga simu.

"Babu, nimemaliza. Huyo mdogo anakunywa tu."

"Angalia kurasa, labda zimeshikana."

"Hazijashikana. Anakunywa, anaenda zake. Hiyo ya kutema maji haiko."

Nilimwomba anisomee ukurasa wa mwisho. Akasoma. Mdogo akameza, akamruka kaka yake, akaondoka. Basi. Mshai akauliza, kwa upole, "Lakini bibi yangu alipenda nini hapo?"

Nilikuwa nimepanga kumwelekeza kwenye vingine ulivyonisimulia. Sasa naogopa. Yule mfalme aliyefunga upepo ndani ya mlima, aliomba radhi kweli, au ni kwa kuwa Bibi alikuwa karibu? Wale wa mji wa chini ya ziwa, walirudishiana watoto wao? Naweza kumtuma mtoto huyu dukani akatafute vitabu ambavyo hakuna aliyeviandika. Nikinyamaza, atakujua kwa kitabu kikavu. Hakuwahi kukuona. Ulizikwa kabla hajazaliwa, nami sikuwapo.

Nilimweleza habari za Bibi na dungu. Akacheka, halafu akawa kama analia. "Basi achana na vitabu, Babu. Nipe ya bibi yangu, vile alivyokusimulia. Nitaandika vile unavyosema."

Nilianza vizuri. Chuma, nyota, ugomvi, chupa. Nikafika pale mdogo aliposimama, akapuliza maji, akafungua kinywa aseme.

Maneno yake sina.

Naona maji yakianguka juani. Nasikia sauti ya Bibi akiitikia. Lakini ulichosema katikati, yale maneno yaliyomfanya akubali, yameondoka, na Kidawida chenyewe kinanitoka huku ambako sina wa kuzungumza naye. Nimewaulizia waliokuwa majirani zetu. Wote wamekwisha. Kutunga nimejaribu. Nimeandika vitabu maishani mwangu, lakini yangu yalitoka matamu tu, na Bibi angetambua mara moja kuwa si yako.

"Endelea, Babu," Mshai akasema. "Naandika."

Nilimsikia akingoja. Nilimsikia akigeuza kalamu mezani. Baadaye akauliza kama simu imekatika, nami nikamwambia haijakatika.

Pumzika, dada, huko uliko na Bibi.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho