Kichwa Changu Hakina Nywele na Mume Wangu Yuko Hai

Mpendwa Mama Mshauri,

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Langas, Eldoret, nina kansa ya titi, natibiwa Nairobi kwa dawa ya kupitia mshipa, na kila nikirudi nyumbani natapika mpaka nyongo, mdomo umejaa vidonda, vidole vinakufa ganzi, harufu ya dagaa wa omena inanifukuza jikoni, na sasa nywele zimeisha zote. Juzi mama mkwe alikuja kutoka Siaya na wanawake wa kanisa lake, wakaniona mlangoni bila kitambaa wakapiga nduru wakidhani mume wangu Lazarus amekufa, maana kwetu Wajaluo mwanamke hunyolewa akifiwa na mume, na Lazarus mwenyewe akatokea bafuni na sabuni masikioni, wakamkumbatia, halafu wakanigeukia mimi. Mama mkwe akasema, "Wewe Benta, unamnyolea nani na mwanangu yuko hai? Unamwitia kifo!" Nikamwambia sikunyoa, ni dawa. Lazarus akaangalia chini, na walipoondoka akaniambia, "Si uache kwanza hiyo dawa mpaka nywele ziote, mama atulie?" Jumanne natakiwa Nairobi, na nimechoka, kuna wakati naona heri niache kweli, nile ugali nishibe hata kama ni miezi michache tu. Niende au ningoje? Chapa jina langu, sina aibu iliyobaki.

Benta Aloo, Langas, 1987

Benta,

Nenda! Kansa haingoji nywele ziote wala mama mkwe atulie. Barua yako imenipandisha hasira mpaka chai yangu ikapoa. Walipodhani Lazarus amekufa, mtaa mzima ulisikia nduru. Walipoambiwa wewe ndiye mgonjwa, nani alitoa hata chozi moja? Mila ya kunyoa naiheshimu, lakini ni ya mjane, na wewe hukunyolewa na mtu.

Na wewe pia nikugombeze. Daktari umemwambia unatapika namna hiyo? Nakujua bila kukuona, ulimjibu, "Niko sawa tu, daktari." Jumanne mwambie yote. Kuna dawa za kupunguza kutapika, na kama kipimo cha dawa ya kansa kinafaa kubadilishwa, atabadilisha yeye, si mama mkwe. Sukutua mdomo kwa maji yenye chumvi kidogo, kunywa uji uliopoa, kidogo kidogo, na omena ipikwe na anayeitaka. Ukipata homa usingoje, kimbia hospitali. Kitambaa vaa ukisikia baridi. Na hayo mambo ya ugali wa miezi michache sitaki kuyasikia tena, ama watoto unataka kumwachia mama mkwe awalee?

Sasa Lazarus, najua unasoma hapa. Wewe hukufa, kwa hivyo huna sababu ya kunyamaza. Mwambie mama yako, kwa mdomo wako na kwa Kijaluo, kwamba mke wako anaumwa na unataka apone. Kisha Jumanne panda basi na Benta, na akitapika njiani, karai ulishike wewe.