Mikate ya Harusi ya Dada Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ileje hatujambo. Goti la babu yako limepoa, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike. Nimefurahi kusikia kwamba chuoni mnatengeneza mfuko wa mkate unaozuia ukungu, na ukitupwa shambani unaoza. Umeuliza sisi tulikuwa tunafungia nini.

Nilipokuwa msichana, mimi na mama tulioka mikate ya harusi ya dada yangu aliyekuwa anaolewa Ivuna. Mifuko ya nailoni tuliyokuwa tunafungia ilipoisha, mama alibabua majani ya mgomba motoni, akafungia mikate iliyobaki. Mimi niliona aibu, nikaificha hiyo chini ya kapu.

Njiani mto ulifurika, tukakwama siku kadhaa hadi maji yalipopungua. Tulipofika, nilifungua nailoni ya kwanza nikakuta ukungu. Ya pili, vilevile. Wakwe walikuwa wanatazama, na dada alikuwa karibu kulia.

"Fungua ya majani," mama akasema.

Nilivuta ya majani kutoka chini ya kapu, nikaifungua. Mikate ilikuwa imekauka kidogo, lakini safi, inanukia. Dada alikaa chini akacheka, nami nikashusha pumzi. Mama mkwe wake alionja, akauliza, "Mbona mlitaka kutunyima hii?"

Nadhani nailoni ilibana jasho la mkate, jani likaliachia litoke. Wewe utanieleza vizuri zaidi. Mimi tangu siku ile sijaona tena aibu kumwekea mgeni chakula kwenye jani.

Ubaki salama, mwanangu.

Bibi yako