Pole Niliyompa Vasko

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata medali ya bomu. Maadui watano kwa bomu moja, pale kwenye daraja la reli. Wote roboti, wale wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Watu wa kweli wameisha humu. Siku nyingi nimewavizia wakae pamoja kama kuku kwenye pumba, na leo wamekaa. Medali ikatokea juu ya kioo. Ting.

Huko Mwanza simu ya Edgar nayo imelia. Najua. Alinionyesha mwenyewe siku alipohama, akaniambia mashine ya gemu ibaki hapa, kuibeba hadi Mwanza ni usumbufu. Gemu iko kwa jina lake. Kila medali ikiingia, simu yake inampa taarifa. Alikuwa anajisifu tu. Hakujua kwamba ananifundisha.

Hajapiga. Huyu mwanangu hupiga akiwa na shida, na siku hizi hana shida. Namshukuru Mungu na inaniuma.

Nimekula kiporo.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo kioo kimeleta tangazo kabla ya kuanza. Kiingereza changu ni cha gereji, nimelisoma mara tatu. Gemu ni ya zamani, wachezaji hawapo, mwisho wa mwezi huu wanazima mitambo. Basi.

Imebaki medali moja. Nyingine Edgar alizipata akiwa kidato cha nne, zilizomshinda nimezimaliza mimi kwa vidole hivi vya kuchomelea mageti. Hii ya mwisho inataka umwinue mwenzako aliyeanguka mara kumi katika pambano moja. Mwenzako awe mtu. Roboti hahesabiwi.

Sasa mtu nimtoe wapi? Wazee wenzangu hapa Msamala wanacheza bao. Nikiwaambia nakimbia na bunduki kwenye theluji watanipeleka hospitali ya mkoa.

Tangu mama Edgar afariki, sauti iliyobaki ndani ya nyumba hii ni ya friji. Nikiwasha gemu angalau kuna kelele za vita.

Jumapili, 10 Novemba

Mwezi wa marehemu. Baada ya misa nimepita makaburini, nimemwashia mama Edgar mshumaa. Upepo ukauzima. Nikauwasha tena, ukauzima tena. Nikamwambia basi, mama, umeona nia.

Saa kumi na moja jioni nikafungua gemu kama kawaida. Kuna mtu!

Jina lake Vasko. Nimejua ni mtu kwa sababu alisimama akaniangalia. Roboti haangalii. Tulikuwa upande mmoja. Akapigwa kwenye stesheni ya treni, nikakimbia, nikamwinua. Akapigwa tena, nikamwinua. Moyo ulinienda mbio kama kijana anayepeleka posa.

Mara ya tano nilichelewa. Akamaliziwa kabisa, na mtu akimaliziwa hainuliki. Nikamfuata pale alipolala, nikabonyeza kitufe cha kuchuchumaa. Nikasimama, nikachuchumaa, nikasimama, nikachuchumaa. Pole, ndugu yangu. Pole sana. Huwezi kumpa mtu pole ukiwa umesimama wima kama mlingoti, hata msibani unashuka chini kwanza.

Vasko akatoka hapo hapo. Labda umeme umekatika kwao.

Jumatano, 13 Novemba

Amerudi. Nilifurahi, nikamkimbilia. Akanipiga risasi. Sisi ni upande mmoja! Nilipofufuka akanipiga tena. Mara ya tatu akatoka.

Hovyo kabisa. Mtu unampa pole, yeye anakupa risasi. Nimezima mashine, nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekosa usingizi kwa ajili ya mtu nisiyemjua hata sura. Hakuna mwingine humo ndani. Akinisusa huyu, medali imekufa.

Mchana nimempigia Edgar. Akapokea haraka.

"Shikamoo baba. Kuna tatizo gani?"

Nikasema hakuna. Nikamzungusha kwanza, mvua, bei ya mbolea. Halafu nikauliza kama utani. Kwenye gemu zenu zile, mtu akimchuchumalia mwenzake aliyekufa, maana yake nini?

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya msiba. Akasema hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote huko, ni kama umemkalia mtu usoni, watu wamegombana miaka kwa ajili yake. Akauliza nani kaniambia. Nikasema watoto wa jirani.

"Afadhali umenikumbusha," akasema. "Kuna mwizi kaingia kwenye akaunti yangu, baba. Naona medali zinaingia tu. Leo leo nabadilisha neno la siri."

Hapo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni kwamba wezi ni wengi siku hizi.

Mzee mjinga.

Kwa hiyo simu ilikuwa inalia kweli. Alikuwa anaziona zote. Amewaza mwizi, hakuniwaza mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mashine inadai neno la siri. Nimejaribu jina lake. Nimejaribu timu yake ya mpira. Nimejaribu jina langu, nikijua kabisa kwamba siyo.

Siyo.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza. Jioni kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya barazani. Mama Edgar angekuwa ameshaweka beseni la maji chini yake, na Edgar mdogo angekuwa anakula wabichi akigombezwa. Mimi nimezima taa waende kwa jirani. Kumkaangia nani?

Saa kumi na moja inapofika mikono inatafuta pedi ya gemu yenyewe. Nimekaa nayo mapajani, mashine imezimwa. Namwaza Vasko. Huko aliko anajua kwamba yule mzee alimkalia usoni na hajarudi hata kuomba radhi. Anajua hata kama ni mzee? Hajui. Hakuna anayejua.

Mficha uchi hazai. Kesho nampigia Edgar.

Jumatano, 20 Novemba

Sijapiga.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimepiga. Nilisimama uani ili nisikae nikabadili mawazo. Alipouliza kuna tatizo gani, nikasema mwizi ni mimi.

Nikadhani mtandao umekata. Nikaendelea kusema hivyo hivyo, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia nacheza ili simu yako ilie. Nyumba iko kimya, Edgar. Mimi ni mpweke. Neno hilo sijawahi kulisema kwa mdomo wangu, hata padri hajalisikia.

"Baba, si ungepiga simu tu."

Nikamwambia nikipiga unaniuliza kuna tatizo gani. Sina tatizo la kukupa.

Nilisikia pikipiki zikipita huko kwake. Halafu, kwa sauti ya chini, akanitajia neno la siri. Ni jina la mama yake na jina la mbwa wetu wa zamani, yameunganishwa. Nimeliandika kwa kidole kimoja na likakubali mara ya kwanza.

Vasko hakuwepo.

Jumanne, 26 Novemba

Yupo! Nikaenda hadi stesheni, nikatupa bunduki chini mbele yake. Ipo namna ya kuitupa, nilikuwa sijawahi kuitumia. Nikasimama mikono mitupu. Sikugusa kitufe cha kuchuchumaa. Kidole nilikikalia.

Akanizunguka. Akanizunguka tena. Akanipiga risasi moja.

Haki yake. Nikalala kwenye theluji nikisubiri animalizie. Kioo kikaanza kuwa cheusi pembeni. Kisha nikaona mkono. Aliniinua.

Nimewainua watu maisha yangu yote. Nilimwinua mama Edgar kitandani mpaka siku ya mwisho. Kumbe kuinuliwa ndiyo hivi. Nimelia pale pale kwenye kochi, na ni gemu tu, na maadui wenyewe ni roboti wenye kofia za chuma.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Jumamosi wanazima mitambo. Nimeshinda nikiiangalia taa ya friji kama anayesubiri mgonjwa afumbue macho.

Umeme umerudi giza limeshaingia. Vasko hakuwepo, bila shaka alikuja saa yetu akanikosa.

Ijumaa, 29 Novemba

Saa kumi na moja kamili nilikuwa ndani. Vasko alikuwa amekaa stesheni, ananisubiri.

Hatukusemezana, hatuna lugha. Akatoka kwenda mahali peupe, akajiacha apigwe. Nikaelewa. Kumbe naye anatafuta medali hiyo hiyo, ndiyo maana anakuja kwenye gemu iliyokufa. Nikamwinua. Akajiacha tena. Mara ya saba roboti walitujia wengi, nusura nichelewe. Nilipiga kelele sebuleni, "Ngoja, ndugu yangu, ngoja nafika!" Nikafika. Alipoanguka mara ya kumi mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, pedi inateleza.

Ting.

Kisha nikajiacha mimi. Akaniinua mara kumi, bila kuchelewa hata moja. Ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Tulipomaliza akatupa bunduki. Nami nikatupa. Tukasimama tunatazamana. Kidole kilikuwa kinaniwasha, nikakizuia, nimeshajifunza. Ndipo yeye akachuchumaa. Mara moja, taratibu, akasimama.

Sijui alikuwa ananitukana au ananipa pole. Nikachuchumaa naye.

Jumapili, 1 Desemba

Wameizima jana. Nimewasha asubuhi kuhakikisha, mashine inazunguka inatafuta njia, mwisho inasema hakuna. Nimeifunika kwa kitambaa cha kufuma cha mama Edgar.

Misa. Majilio yameanza. Nimefagia mabawa ya kumbikumbi barazani, nimepika ugali na dagaa, nimekula wa moto.

Saa kumi na moja nikakaa kwenye kochi. Sikuwa na la kufanya. Friji inaunguruma.

Simu ikalia. Edgar.

Nikamuuliza kuna tatizo gani.

Akasema hakuna.