Pini na Pumzi

2 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za mgongo, na za wale kuku wako wanaojiona wenye nyumba? Mimi ni mzima wa kutembea, mengine usiulize.

Naandika mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli ya cherehani. Ningekupigia simu, lakini masikio yako yaliliwa na ngoma kubwa ya bendi, na siwezi kupiga kelele mbele ya wateja. Sikukuu zinakuja na kila mtu anataka nguo yake jana. Mmoja ananisimamia kichwani, mwingine anachungulia dirishani, wa tatu ameketi juu ya kitambaa cha wa nne. Shingo imekaza kama ubao. Moyo unadunda hata nikiwa nimekaa.

Halafu Kaka, bila kuniuliza, ametangaza kwamba ukoo mzima utakula sikukuu kwangu. “Mama angependa,” anasema. Kweli angependa, tena angepika! Huu ni mwaka wa kwanza hayupo, na wote wananiona mimi ndiye yeye kwa sababu nimerithi sufuria zake.

Sitaki zawadi, Baba. Nataka uje. Ukiwepo nitaweza. Unakuja?

Mwanao wa mwisho


6 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanisindikiza kila niendako. Kuku wanakusalimia, wamehamia jikoni.

Sasa nisikilize. Kabla bendi yetu haijatoka barabarani, kiongozi alikuwa anatupanga mstari na kutunyoosha, maana mpiga tarumbeta aliyekaza mabega hutoa sauti ya mlango mbovu. Simama. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio, kisha yaache yaanguke yenyewe. Geuza shingo taratibu kama unamsalimia jirani wa kulia, halafu wa kushoto, na usimharakishe yeyote. Nyoosha mikono juu kama unaanua nguo kwenye kamba. Panapouma, acha, hatushindani na mtu. Kisha vuta hewa kwa pua mpaka tumbo lijae, uitoe kwa mdomo polepole, kama unapooza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nimepuliza maisha yangu yote, hilo nalijua.

Kuhusu kuja, tutaona.

Baba yako


10 Desemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa.

Nimejaribu. Nilipoanza kuanua nguo zisizokuwepo, wateja walicheka mpaka wakasahau kugombana. Yule mama wa madirishani, anayeleta mapazia kila mwaka dakika za mwisho, akaweka mkoba chini akajiunga nami. Shingo ililegea, nakushukuru. Ikalegea mpaka Kaka alipopiga simu kuuliza kama nimepata viti.

Lakini umeniandikia mabega, shingo, tumbo na chai, na safari yako ukaipa neno moja tu. Baba, nakujua. “Tutaona” yako ni hapana iliyovaa koti. Mara ngapi nilikuomba baiskeli ukasema tutaona? Niambie wazi, unakuja au huji? Kila nikipanga meza kichwani, nikifika kwenye kiti chako naanza kupanga upya.

Mwanao wa mwisho


13 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, mimi na wenye nyumba wangu wenye manyoya.

Kosa lako ni kungoja mpaka shingo iume. Pumzi si dawa ya homa. Ifanye hapohapo kwenye cherehani: kila ukiinua mguu kwenye pedeli, kabla hujashika kitambaa kingine, jaza tumbo kabisa. Usivute kidogokidogo kama mwizi. Jaza!

Kuhusu safari, mwanangu, barabara ni mbovu, na nikiondoka kuku watabaki na nani? Ninyi kuleni, mfurahi. Mtanisimulia.

Baba yako


18 Desemba

Mwanangu,

U hali gani huko? Kondakta wa basi anayetubebea barua amepita leo tena. Nilimsubiri stendi, akanionyesha mikono mitupu.

Kama umenuna kwa sababu ya kuku, nuna, ila uninunie kwa maandishi. Sijazoea kimya chako. Nimefagia ua asubuhi, nikafagia tena mchana, sasa kuku wenyewe wananishangaa. Shangazi yako, hapo jirani, anasema niache kuzunguka kwani namtia kizunguzungu. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


19 Desemba

Baba,

Shikamoo. Kwanza keti. Mimi ni mzima, nasema mapema ili usianze kufagia.

Sikununa. Nilikuwa hospitali. Unajua mafundi tunavyoshika pini midomoni wakati wa kubana nguo? Msimu huu nimeshinda nazo mdomoni mpaka nimezisahau. Basi nikaitii barua yako. Nikainua mguu, nikajaza tumbo kabisa, bila wizi. Mdomo ukafunguka. Nilipotema pini mkononi, moja haikuwepo.

Nilihisi inanichoma hapa katikati ya kifua. Mama wa madirishani alinikokota mpaka hospitali na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Wakanipiga picha ya kifua, wakarudia. Hakuna kitu. Daktari akanibonyeza mabega, akasema, “Mama, humu hamna pini. Humu mna sikukuu.” Muuguzi akanilaza, akaniwekea mkono tumboni, akaniambia nitoe pumzi yote, nisibakize. Nikaitoa, na kilio kikatoka nayo. Nililia kwa sauti, Baba, mbele za watu. Haikuwa pini. Nilikuwa namlilia Mama. Tangu tumzike nilikuwa sijapata nafasi.

Pini imepatikana. Ilikuwa kwenye kola ya gauni la mteja, na yeye ndiye aliyeigundua, kwa shingo yake. Amenisamehe baada ya maneno mengi.

Nimefunga mlango wa oda mpya. Kaka nimemwambia kila mmoja aje na chungu chake na kiti chake. Ameuliza kiti cha aina gani.

Sasa zamu yako. Shangazi ameniandikia. Anasema unakula umesimama, na tarumbeta haijatoka kwenye sanduku tangu mazishi. Unanifundisha kutoa pumzi, na wewe yako umeibana mwaka mzima! Nimekukatia kitambaa cha koti. Vipimo vyako vya zamani ninavyo, lakini Shangazi anasema umekonda, na mimi sishoni kwa kukisia. Njoo nikupime.

Mwanao wa mwisho


22 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Nilipofika kwenye pini niliketi bila kuambiwa. Kuanzia leo, toa pini kwanza, ndipo uvute pumzi. Ningelijua hilo ningeliandika kwenye mstari wa juu.

Kuku nimewasingizia. Ukweli ni huu. Kila tulipokuja kwako, wajukuu walimkimbilia mama yako kabla sijashuka kwenye ngazi ya basi. Mimi nilikuja nyuma na mizigo. Naogopa kushuka peke yangu, nione watoto wakichungulia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anashuka. Hilo ndilo lililonibana kifuani, si barabara.

Jana nilipandisha mabega, nikayaacha yaanguke. Nikawasalimia majirani wote wawili. Nikafungua sanduku. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa, na kuku wakatoka jikoni wenyewe. Ya pili ilikuwa ndefu. Nikalia kidogo, nikaendelea. Shangazi yako alikuja na kiti chake, akasikiliza, akaondoka na kuku, akisema atawalisha yeye.

Barua hii nilitaka kumpa kondakta akuletee. Akaniangalia, akaangalia sanduku la tarumbeta mkononi mwangu, akasema, “Mzee, si na wewe unapanda basi hilihili?” Kwa hiyo haya namalizia ndani ya basi, na barua nitakukabidhi mwenyewe. Unaisoma hivi sasa nami nimesimama hapo mlangoni pako, na mabega najitahidi kuyashusha.

Usinijibu. Chukua futi, unipime.

Baba yako